Sahani ya Mwenzako

Mama alikuwa akinipakulia sahani mbili. Ya kwanza aliiweka mbele yangu bila kusema neno. Ya pili aliiweka kando yake, akasema, "Ya mwenzako." Nikimaliza yangu nilikula na hiyo nyingine, kwa sababu chakula hakimwagwi, na kwa sababu huyo mwenzangu hakuwepo. Mama mwenyewe hakula pamoja nami. Alikula baadaye, jikoni, akikwangua sufuria. Alisema ukoko ndio anaoupenda.

Nilizaliwa pacha. Tulikuwa wasichana wawili, wa Kivu ya Kusini, na mwaka 1996 vita vilipofika kwetu tulikuwa tumeanza tu kutembea vizuri. Mama alitubeba sote, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Mimi nilikuwa mgongoni. Yule wa kifuani alishikwa na homa na kuharisha njiani, milimani, kabla hatujaliona ziwa, na mama akavuka kuingia Tanzania na mtoto mmoja. Baba alikuwa amebaki nyuma kuangalia nyumba, akisema atatufuata. Hatukumwona tena. Haya yote nimesimuliwa. Mimi sikumbuki hata kidogo.

Kwetu pacha hasemwi kwamba amekufa. Husemwa amerudi. Na yule aliyebaki lazima apewe kila kitu viwili viwili, kwa sababu pacha hawapunjani. Ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, aliyenyimwa hukasirika, na hasira yake humwangukia aliyepewa: anaugua, anakonda, mwishowe anamfuata mwenzake. Kwa hiyo kitenge cha kunishonea gauni kilikatwa vipande viwili sawasawa. Kalamu za shule zilinunuliwa mbili. Kwenye viatu mama alishindwa. Tulikuwa wakimbizi, si mawaziri.

Tulikaa Tanzania mpaka watu wa kambi yetu wakaanza kuambiwa warudi makwao. Mama hakuwa na kwao pa kurudi, basi tukapita Kikagate tukaingia Uganda, tukapewa kiwanja Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi. Nilikuwa nimeshakua kiasi cha kubeba sufuria zote kichwani. Mama alilima maharage na mahindi, akauza majani ya muhogo yaliyotwangwa pale sokoni, na watu wakamwita Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha. Wageni wakija nyumbani waliangaza macho wakimtafuta wa pili. Wakishaelezwa, walinigeukia mimi. Nilikuwa naujua mtazamo ule. Walikuwa wakingoja nionyeshe uchungu.

Sikuwa nao. Nilijaribu kuutafuta. Nililala nikajaribu kuuona uso wa mtoto mwingine kando yangu, nikaona uso wangu mwenyewe, kwa sababu ndio uso niliokuwa nao. Nilikula chakula cha mtu nisiyemkumbuka, nikavaa nguo zake pale zangu zilipochakaa, na ndani yangu hapakusogea kitu. Niliona haya. Nilidhani kwamba kama hisia nazo ziligawanywa siku tuliyozaliwa, basi yeye aliondoka na fungu lote.

Masomo yaliponishinda kwa karo, nilikwenda Mbarara kutafuta kazi, nikaipata Kakoba, kwenye duka la maziwa la mama mmoja wa Kinyankore. Maziwa yalikuja asubuhi kwa madebe kutoka Bwizibwera. Mimi nilichemsha, nikateka, nikaosha vikombe, nikapika chai ya waendesha bodaboda. Nilipewa chumba nyuma ya duka, chenye godoro na jiko la makaa. Jumamosi moja moja nilirudi Nakivale, nikakuta sahani zangu mbili.

Kati ya wateja alikuwepo sajenti mmoja wa kambi ya jeshi, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba kijiko. Asubuhi ya kwanza nilimwuliza kama nimletee chai.

"Apana. Mimi hapana kunywa chai. Leta maziwa, ya moto."

"Lakini chai yetu ni maziwa matupu, Afande."

"Majani iko ndani. Mungu alikataa."

Nilimwuliza kama Mungu alimkataza yeye peke yake au jeshi zima. Wenye bodaboda walicheka sana. Yeye hakukasirika. Alikunywa maziwa yake, akafuta masharubu, akasema, "Nyabo," yaani bibie, "kuja kanisa yetu Jumapili, uulize yeye mwenyewe."

Nilikwenda kwa sababu duka lilifungwa Jumapili na sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Waumini wa kanisa lake watu waliwaita Wamormoni. Walisali kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mkubwa, wakaketi kwenye viti vya plastiki, wakaimba polepole, bila ngoma. Nilizoea makanisa ya Nakivale ambako mahubiri yanasikika mpaka zahanati. Hapa watoto walilia kuliko mhubiri. Nilipenda ule utulivu. Kwa mtu asiyehisi kitu, kanisa la kelele ni kazi ngumu.

Vijana wawili wamisionari walianza kuja kunifundisha uani nyuma ya duka, sisi watatu kwenye makreti ya soda. Mmoja alikuwa Mzungu aliyejua Kiswahili cha salamu tu. Mwingine alikuwa Mkenya, na ndiye aliyesema. Wote wawili waliitwa Mzee, ndicho cheo chao, ingawa ndevu hazijawaota vizuri. Siku ya kwanza Mkenya alifungua daftari lake, akaniuliza, "Kabla ya kuja hapa uliishi wapi? Kwa nini ulikuja? Na ukitoka hapa utakwenda wapi?"

Nikamjibu, "Kivu ya Kusini. Vita. Popote mtakaponipeleka."

Alicheka, kisha akashusha macho kwenye daftari, kwa sababu aliona sikuwa natania. Kila mtu Nakivale ana kisa chake cha kueleza kwenye ofisi ya wakimbizi. Mama alinifundisha chetu kama wengine wanavyofundisha watoto wao sala. Uliishi wapi kabla, ulitoka kwa nini, unaweza kurudi au huwezi. Ukilia sana, wanaona unaigiza. Usipolia kabisa, wanaona hukupatwa na kitu. Nilikuwa nimejifunza kukisema kwa sauti ya katikati, na sauti hiyo ilinikaa, hata nikiagiza sabuni.

Mkenya akaeleza alichokusudia. Kwamba sote tuliishi kabla ya kuzaliwa. Tulikuwa roho, watoto wa Baba wa Mbinguni, tukikaa kwake, tukijuana. Kwamba palifanyika baraza kubwa, tukaelezwa kuhusu dunia, taabu zake na mwili na kifo, na tukaulizwa kama tunakubali kuja. Wengine walikataa. Kila aliyewahi kuzaliwa ni mtu aliyekubali. Halafu, wakati wa kuja, tulifunikwa pazia, tukasahau yote.

"Yote?" nikauliza.

"Yote. Hakuna anayekumbuka."

"Na hiyo si dhambi?"

"Hapana, dada. Ndivyo ilivyopangwa."

Mzungu alidhani sijaelewa, akamgusa mwenziwe arudie. Nilikuwa nimeelewa. Maisha yangu yote nilikuwa nikitazamwa kama mtu aliyesahau asichopaswa kusahau, na sasa kijana wa miaka kumi na tisa aliniambia, akiwa amekalia kreti, kwamba dunia nzima imesahau na hakuna anayelaumiwa. Nilipata nafuu. Si furaha. Ilikuwa kama kutua dumu la maji chini, ukabaki umesimama na mkono unaouma.

Imani yangu mwenyewe niliijenga juu ya hapo, na sikuitoa kwenye kitabu chao. Niliamini kwamba kule tulikokuwa tulikuwa wawili. Mimi niliitwa nije, nikaogopa. Yeye hakuwa na kazi kubwa ya kufanya duniani, alihitaji kuonja mwili tu, basi akasema, twende, nitakusindikiza. Kwetu mgeni hawezi kuachwa aondoke peke yake. Unatoka naye, unambebea mzigo wake, mnaongea mpaka kwenye njia panda, mnaagana, unarudi. Ukimsindikiza mpaka kwake utakuwa umehama. Dada yangu alinisindikiza mpaka ile milima, akarudi nyumbani. Mama alikuwa akisema siku zote kwamba amerudi. Nilishangaa jinsi maneno ya mama na ya wale vijana yalivyokaa pamoja bila kugombana.

Mpaka sasa naamini hivyo. Mwaka huu wa 2015 nafundisha watoto wa Jumapili, na mmoja wao, mtoto wa Nakivale, aliniuliza kama ina maana sisi tulichagua Nakivale. Nilimwambia sijui kama tulionyeshwa ramani. Akauliza, basi kwa nini sisi huku, na wale wengine kule kwenye magari mazuri. Nilimwambia tule mikate yetu kwanza. Kuna maswali ambayo imani yangu haiyafikii, na siyalazimishi.

Jambo moja lilinishinda mapema, nalo ni ushuhuda. Jumapili ya kwanza ya mwezi watu hufunga milo miwili, kisha husimama mmoja mmoja kusema wanachokijua. Kufunga hakukunisumbua. Nakivale mgao ukichelewa tunafunga bila kutangaziwa. Lakini wakisimama walilia. Walisema walisikia moto kifuani, ndipo wakajua. Mkenya aliniambia nisali, nami moto huo utakuja. Nilisali. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya chumba changu mpaka yakaota alama za saruji. Kifua changu kilikaa kimya kama duka Jumapili. Siku moja nilisimama kwa sababu safu yetu yote ilikuwa imesimama, nikasema, "Najua niliishi kabla ya kuzaliwa," nikaketi. Sajenti alinifuata nje.

"Wewe nasema kama mutu naitika paredi."

"Ndiyo sauti niliyo nayo, Afande."

"Sawa," akasema. "Hata paredi, mutu anaitika kama yeye iko."

Nilitaka kubatizwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kwa sheria yao aliye chini ya miaka kumi na minane lazima mzazi akubali. Sikuona shida. Mama hakuwa mtu wa kugombania makanisa. Alisali kwa yeyote aliyekuwa na paa lisilovuja.

Wamisionari walinisindikiza Nakivale Jumamosi moja. Mama aliwatandikia mkeka, akawapikia ugali, maharage na majani ya muhogo. Aliposikia nawaita vijana wale Mzee, alishika kiuno.

"Huyu mutoto njo munaita Mzee? Na mi muniite nani, bibi ya Abrahamu?"

Alicheka mpaka akafuta machozi, na nikaona mambo yatakwenda vizuri. Kisha akapakua. Aliwapa wageni sahani zao, akaniwekea yangu, akaweka nyingine kando. Nilikuwa nimezoea kiasi kwamba sikuwaonya. Yule Mzungu, ambaye alishamaliza sehemu yake akiwa na njaa ya safari, alidhani ile sahani isiyo na mtu ni nyongeza. Akasema asante, kwa Kiswahili safi kabisa, akaivuta.

Mama aliinua mkono. Aliichukua ile sahani kutoka mikononi mwake, taratibu, bila hasira, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Hiyo iko na mwenyewe," akasema.

Hapo ikabidi yote yasemwe. Mama alisimulia, sauti ya katikati ileile niliyorithi, na Mkenya akatafsiri kwa mwenziwe, na Mzungu akawa mwekundu mpaka masikioni. Nadhani walifurahi kidogo, kwa vile walikuwa na habari njema ya kumpa. Mkenya alimwambia mama kwamba mtoto yule yuko salama kabisa.

Mama aliitikia kwa kichwa. "Vizuri. Basi siku ya kubatiza huyu, mutabatiza na mwenzake."

"Haihitajiki, Mama. Mtoto akifa kabla ya kutimiza miaka minane hana dhambi. Hahitaji ubatizo."

"Alikuambia ye mwenyewe kama hana haja?"

"Ndivyo tunavyofundishwa."

"Huyu naye alipokuwa mudogo, nikimuuliza kama njaa inamuuma, alikuwa anasema hapana. Nilikuwa namupatia tu vile vile."

Mkenya alikuwa kijana mwenye subira. Akajaribu njia nyingine, na ndipo alipoharibu. Alimweleza kwamba kanisa haliwasahau wafu. Mtu mzima akifa bila kubatizwa, mtu aliye hai huingia majini kwa niaba yake, ila hilo hufanyika hekaluni, na hekalu liko mbali, nchi nyingine. Alitaka kumwonyesha mama jinsi Mungu alivyo mkarimu. Mama alisikiliza lile moja tu.

"Kumbe munajua kuingia mu maji juu ya mutu mwingine."

"Kwa watu wazima tu, Mama. Mtoto hahitaji."

"Kwa bakubwa munakubali, kwa mutoto munakataa. Batoto bangu ni babili. Nilibazala bote siku moja. Munataka kupatia huyu, mwenzake munamwacha inje na anaangalia. Kiisha akikasirika, atakamata nani? Atakamata huyu. Nitabakia na nani?" Alianza kukusanya sahani. "Mi sikubali."

Hapo nikaelewa kwamba hakuwa anabishana kuhusu dini. Alikuwa akiogopa kunizika.

Wale vijana walipoondoka, tuliketi kupura maharage. Nikamweleza mama imani yangu, ile ya kusindikizwa. Nilidhani itamtuliza. Nilimwambia dada hakukasirika, hakunyimwa kitu, alikuja kwa hiari kunifikisha tu na akarudi nyumbani. Mama aliendelea kupura. Baadaye akasema, bila kuniangalia:

"Nani alikuambia ni ye alikuwa anakusindikiza weye? Pengine ni weye ulikuwa unamusindikiza. Kiisha ukasahau kurudi."

Nilisikia maneno yale kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Niliyaelewa yote na hayakuwa yananihusu. Nikaendelea na maharage. Usiku wote nililala vizuri, na asubuhi nikajichukia kwa kulala vizuri.

Mkenya alinishauri ningoje. Nikitimiza kumi na minane nitajiamulia, na haikuwa mbali. Nilifikiria sana wakati wa kuosha madebe. Kwa kweli nilikuwa naweza. Lakini kuingia majini kwa kumkwepa mama kungekuwa kumwacha dada yangu nje, sawasawa na alivyosema. Nikiwa nasema naamini mahali nilipotoka kabla ya kuzaliwa, ningeanzaje kwa kumpunja mtu niliyetoka naye? Na zaidi ya hapo, sikutaka mama aniangalie kila nikikohoa, akihesabu siku zangu. Nilimwambia Mkenya sitangoja na sitabatizwa. Aliandika kitu kwenye daftari. Sikuuliza ni nini.

Wiki zikapita. Sikwenda nyumbani. Sajenti alikunywa maziwa yake bila kunihubiria, jambo lililonishangaza, maana alipenda sana kuhubiri.

Kisha Ijumaa moja mama akatokea dukani. Hakuwahi kufika Kakoba. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, na ameshika mfuko mweusi wa plastiki. Alimsalimia mwenye duka kwa heshima, akanifuata nyuma chumbani, akafungua mfuko juu ya godoro. Ndani mlikuwa na magauni mawili meupe, yaliyoshonwa kwa shuka, yenye urefu mmoja na upana mmoja. Fundi hata hakuwa amepunguza moja kwa ajili ya mtoto. Mwenzangu angekuwa na kimo changu.

"Utavaa yote mbili. Ya chini ni yako. Ya juu ni yake."

"Mama, watakataa."

"Usibaambie. Bo banaweza kumukatalia. Maji haitamukatalia."

Ndivyo alivyokubali. Aliwaambia wamisionari yeye mwenyewe, jioni ile, kwa neno moja, na wao wakadhani ni jibu la sala zao. Huenda lilikuwa.

Ubatizo ulifanyika kesho yake, kwenye birika la saruji lililojengwa uani nyuma ya ile nyumba ya kusalia. Lilijazwa kwa mpira tangu asubuhi, na maji yalikuwa baridi. Nilivaa chooni, gauni juu ya gauni. Mama mmoja wa kanisa aliniangalia akanipongeza kwa kunenepa. Mama yangu aliketi mbele kabisa, miguu pamoja, mikono magotini, kama tulivyokaa ofisini tukingoja kuitwa.

Mkenya aliingia majini kwanza, naye amevaa nyeupe, akanipa mkono nishuke ngazi. Kwao kuna sharti: mtu lazima azame wote, asibaki nje kidole, unywele wala upindo wa nguo. Mashahidi wawili husimama pembeni kuangalia hilo tu. Mmoja wao siku hiyo alikuwa sajenti, amesimama wima kama yuko langoni kwa kamanda. Mkenya aliinua mkono wa kulia, akalitaja jina langu, akasema maneno yake, akanilaza majini. Nilizama, nikainuliwa. Nilikuwa nasubiri moto wa kifuani. Nilisikia baridi masikioni. Watu walianza kutabasamu, na mmoja alishaanzisha wimbo.

"Apana," akasema sajenti.

Wimbo ukakatika.

"Nguo ilibaki juu. Mimi naona na macho yangu. Rudisha yeye chini."

Ilikuwa kweli. Gauni la juu lilikuwa limejaa hewa kati yake na lile la chini, likaelea kama chapati kwenye mafuta wakati mimi niko chini. Gauni langu lilikuwa limezama. Lake halikuzama. Mkenya aliangalia ule upindo, akaangalia ukosi wangu, akaona shingo mbili za nguo. Nilidhani atauliza. Alinitazama usoni kitambo, kisha akamtazama mama, aliyekuwa ameshasimama kutoka kwenye kiti chake. Hakuuliza. Alilikusanya lile gauni la juu kwa mkono wake, akalikandamiza ubavuni mwangu ili hewa itoke, akainua tena mkono wa kulia na kurudia maneno yote tangu mwanzo. Safari hii alinikandamiza chini kwa nguvu na kunishika hapo kidogo.

Nilipotoka, maji yakinimwagika machoni, kitu cha kwanza nilichosikia ni sauti ya mama.

"Aya," alisema. "Na huyu pia."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehakikisha mizigo imepakiwa yote. Mama yule aliyenipongeza kwa kunenepa alifungua mdomo amweleze kwamba ubatizo ni mmoja tu, wa kwanza haukuhesabiwa. Sajenti alimwonyesha kiganja, naye akaufunga. Wimbo ukaanza upya. Nilipanda ngazi nikiwa mzito, nguo mbili zimenishika miguu, na kila mtu alinikumbatia akalowa. Waliniuliza najisikiaje. Niliwaambia baridi.

Mama alilala kwangu siku hiyo. Jioni aliwasha jiko la makaa nje ya mlango wa chumba changu, akasonga ugali, akachemsha maharage aliyokuja nayo. Magauni mawili yalikuwa yametundikwa kwenye kamba uani, kando kwa kando. Nilikaa kwenye godoro, nikazitoa sahani zangu mbili, za plastiki, ndizo nilizokuwa nazo, nikampa. Alipakua ya kwanza, akaiweka mbele yangu. Alipakua ya pili. Nikangoja neno lile.

Hakulisema. Aliketi ukingoni mwa godoro, akaiweka ile sahani ya pili mapajani pake, akanawa, akamega tonge.

Sikuwahi kumwona mama akila kwenye sahani. Alikula kwa haraka, tonge kubwa kubwa, bila kuinua macho, kama watu wanavyokula siku mgao unapofika baada ya kuchelewa. Mikono yake ilikuwa myembamba sana. Nilikuwa nimeiona kila siku ya maisha yangu. Kwenye sufuria, pale nje, palibaki ukoko, na hakuugusa. Ndipo nikajua sahani ya mwenzangu ilikuwa ikitoka wapi miaka yote ile, na nani aliyekuwa amelala na njaa ili mimi nisimfuate.

Nilimaliza yangu. Nikanyoosha mkono kando, kwa mazoea, na pale hapakuwa na kitu. Sikuwa nimeshiba. Mkono ulibaki pale kwenye godoro, na nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, nikimlilia dada yangu. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba amekufa, na kwamba nilikuwa naye, na kwamba simkumbuki.

Mama hakuniambia ninyamaze. Alitafuna mpaka akamaliza, akaifuta sahani kwa kidole, akakilamba.